Kijana Anayefuga Nywele: Apunguze Ncha au Aziache?

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, kuna jambo ambalo huanza kwa utani na kuishia kwa mnuno: kijana wa kiume ameacha kwenda kwa kinyozi. Baba hunyamaza kwa wiki kadhaa, kisha huuliza iwapo vinyozi wote wa mtaa wamefunga duka. Mama huona haya wageni wanapobisha hodi. Naye kijana hujibu kwamba nywele ni zake, tena ni safi, wala hazimzuii kusali.

Miezi inapopita, nywele zikawa zimeyafunika masikio lakini hazijafika mabegani, hutokea msuluhishi, aghalabu shangazi au khalati, akatoa shauri la kati na kati: “Basi apunguze kidogo tu.” Wazazi hulipokea shauri hilo kwa furaha. Kijana hulikataa, kwa kuwa ameshaona mara nyingi kwamba “kidogo” ya kinyozi ni mavuno ya mwaka mzima.

Makala haya hayakusudii kuamua kama mwanao afuge nywele au asifuge. Yanalitazama swali dogo zaidi ambalo huleta mtafaruku mkubwa: aliyekwisha kuazimia kufuga, je, apunguze ncha zake njiani, au aziache zikue bila kuguswa na mkasi?

Tuliyoyapokea katika Sunna

Kwanza ifahamike kwamba nywele ndefu kwa mwanamume si jambo geni katika Uislamu. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Anas bin Malik na al-Baraa bin Azib (R.A.) wameeleza kwamba nywele za Mtume (S.A.W.) zilifika kwenye ndewe za masikio, na wakati mwingine zikafika mabegani. Miongoni mwa maelezo ya wanazuoni kuhusu tofauti hiyo ni kwamba nyakati zilitofautiana: zilipopunguzwa ziliishia masikioni, na zilipoachwa zilishuka hadi mabegani. Kwa maelezo hayo, urefu na mkasi havikuwa maadui. Vilikuwa vikipokezana.

Yako pia masimulizi ya Wail bin Hujr (R.A.), sahaba aliyetoka Hadhramaut, nchi ambayo koo nyingi za pwani yetu zina asili yake. Abu Daud amepokea kwamba Wail alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na nywele ndefu, akamsikia akitamka neno la kuchukizwa. Akadhani kwamba amekusudiwa yeye, akaenda akazikata. Aliporudi siku ya pili, Mtume akamfahamisha kwamba hakumkusudia yeye, lakini akaongeza kuwa hivi ni vizuri zaidi. Ndani ya kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, kupunguza nywele ndefu kulisifiwa. La pili, na hili wazazi tusilipite upesi, Wail hakuwa ameamrishwa kukata. Alilisikia neno, akalifasiri mwenyewe. Maneno yetu ya kuchukizwa yasiyo na ufafanuzi huweza kumfanya kijana akate kile ambacho hatukumwambia akikate, au akaudhika kwa jambo ambalo hatukulikusudia.

Mipaka nayo ipo. Mtume (S.A.W.) amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuiacha sehemu nyingine, yaani mtindo wa denge, na amewakemea wanaume wanaojifananisha na wanawake. Vilevile, mwenye nywele ameagizwa azienzi. Kuzienzi ni kuziosha, kuzitia mafuta na kuzichana, si kuziacha timtim kwa hoja ya kwamba zinafugwa.

Wengine hudhani kwamba kuna muda wa siku arubaini ambao ni lazima nywele za kichwa zikatwe. Hadithi ya siku arubaini iliyopokewa na Muslim inahusu masharubu, kucha, nywele za kwapa na za sehemu za siri. Nywele za kichwa hazikutajwa humo.

Unywele hukua kutoka wapi?

Nusu ya ugomvi wa nyumbani hutokana na imani moja iliyoenea, kwamba kukata ncha huzifanya nywele zikue haraka. Sivyo. Unywele hukua kutoka kwenye shina lake lililo ndani ya ngozi ya kichwa. Sehemu tunayoiona haina uhai, wala haina habari kama imekatwa au haikukatwa. Kwa wastani nywele huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwezi, nazo za kipilipili huenda zikaongezeka kwa kiasi kidogo zaidi. Kijana anayeanza na kichwa kilichonyolewa hatazifikisha mabegani kabla ya miaka miwili na zaidi. Mwenye nywele za kipilipili atangoja zaidi, kwa kuwa unywele uliojikunja huficha sehemu kubwa ya urefu wake.

Sasa tupige hesabu. Anayekwenda kwa kinyozi kila mwezi na kukatwa sentimita 1 anajaza maji katika pakacha: mwaka utakwisha naye yupo pale pale. Anayekata nusu sentimita kila baada ya miezi minne hupoteza sentimita 1 na nusu kwa mwaka, na hubaki na takriban sentimita 10. Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Kijana anayekiogopa kiti cha kinyozi hana kichaa, bali amelielewa gogo lake.

Hata hivyo, wazee hao hao walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ncha ya unywele ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Ncha ya nywele zenye urefu wa sentimita 24 imeishi takriban miaka miwili ya jua, upepo wa kusi na kaskazi, maji ya bahari, maji ya kisima yenye chumvi, na msuguano wa kofia na mto wa kulalia. Hatimaye hupasuka, na mpasuko usipokatwa huweza kupanda juu hadi unywele ukakatika wenyewe mahali pabaya zaidi. Hapo kijana hushangaa kwamba nywele zake “hazikui”. Mashinani zinakua, ila zinamegekea nchani.

Kwa hiyo jibu liko katikati ya methali hizo mbili: mkasi hauharakishi urefu, lakini huuhifadhi, mradi utumike pale palipo na ufa tu.

Namna ya kuamua

Uamuzi ufanywe kwa kuzitazama nywele, wala si kwa kuitazama kalenda peke yake, na usifanywe kamwe kwa hasira. Kijana ashike kishungi kidogo cha nywele kavu mbele ya dirisha lenye mwanga. Akiona ncha zimegawanyika kama uma, zina vidoto vyeupe, au ni nyembamba mno kuliko sehemu ya juu, wakati umefika. Kwa nywele za kipilipili, dalili nyingine ni mafundo madogo yanayojifunga yenyewe kwenye ncha na kunasa kwenye kitana. Hayo hukatwa moja moja, juu kidogo ya fundo. Mafuta yoyote, hata yakiuzwa ghali, hayaungi unywele uliopasuka. Huulainisha tu kwa muda.

Ncha zikiwa nzima, aziache. Katika miezi sita ya mwanzo aghalabu hapana cha kukata, kwa kuwa nywele zenyewe bado ni changa.

Miezi inayofuata ndiyo migumu, maana nywele za kisogoni huteremka kama mkia ilhali za juu bado zinasimama. Wengi hukata tamaa hapa na kunyoa zote. Dawa yake ni kusawazisha kisogo na kandokando ya masikio kwa mkasi, bila kugusa urefu wa juu. Atumie mkasi, asitumie wembe wala mashine, ili asije akaangukia kwenye denge. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake.

Kiasi cha kukata kitajwe kwa kipimo. Neno “kidogo” halina urefu. Upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, takriban sentimita 1, ni kipimo ambacho kila mtu anacho mkononi. Kijana amwoneshe kinyozi kabla ya kuketi, na nywele zikatwe zikiwa kavu, kwani zilizolowa hurefuka na zikikauka hurudi juu, mtu akajikuta amekatwa zaidi ya alivyotaka.

Afahamu pia kwamba mkasi hautibu kila kitu. Mba, mapunye, mwasho, au nywele kupungua kwenye paji kwa sababu ya kuzifunga kwa kuzikaza, yote hayo chanzo chake ni kichwani, si nchani, na yanamhitaji daktari.

Ibada na miezi

Kijana wa Kiislamu ana mambo ya kuyaangalia ambayo wengine hawana. Akisali, asizifunge nywele kwa nyuma, kwa kuwa katika Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) imekatazwa kuzikusanya nywele na nguo wakati wa sala. Iwapo nywele za mbele zinaziba paji la uso lisifike chini katika sijida, hiyo ni sababu njema ya kuzipunguza hizo za mbele. Katika josho la janaba, ahakikishe maji yamefika mashinani.

Anayenuia kuchinja Idi Kubwa hukatazwa kukata nywele na kucha tangu mwezi wa Mfunguo Tatu uandamapo hadi achinje, kama alivyosimulia Bi Ummu Salama (R.A.). Basi afanye usawazishaji wake mwishoni mwa Mfunguo Pili. Na anayetarajia Hija au Umra ajue kwamba kunyoa au kupunguza ni sehemu ya ibada hiyo, na kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaombea wanaonyoa zaidi ya wanaopunguza. Miaka miwili ya kufuga inaweza kumalizikia hapo, kwa ridhaa yake mwenyewe, na huo ndio mwisho bora kwa nywele zozote.

Mama, dada na kitana

Elimu ya nywele katika nyumba zetu iko kwa wanawake. Nyinyi ndio mjuao namna ya kuchambua nywele kuanzia nchani kwenda juu, kupaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha ili nywele zisichakae upesi, na kutofautisha ncha kavu na ncha iliyopasuka. Bi Aisha (R.A.) alikuwa akimchana Mtume (S.A.W.) hata alipokuwa katika itikafu: alimwinamishia kichwa kutoka msikitini naye yumo chumbani mwake. Basi mama au dada kushika kitana na mkasi mdogo na kumsaidia kijana wa nyumba yake si jambo la kudharauliwa.

Lisilofaa ni kumvizia usingizini. Nywele zilizokatwa kwa hila zitarudi baada ya mwaka, lakini imani ya mwana kwa mamake haina kipimo cha sentimita kwa mwezi. Ikiwa shule au kazi yake inataka nywele fupi, aambiwe hivyo waziwazi, na sababu iwe hiyo. Ikiwa tatizo ni uchafu, aambiwe usafi. Ikiwa ni maneno ya majirani, tukiri kwamba ni maneno ya majirani.

Wakishakubaliana, wakae pamoja kila baada ya miezi mitatu au minne, wazitazame ncha mbele ya dirisha, wakate palipo na ufa na waache palipo pazima. Mwenyezi Mungu atujaalie kuelewana na wana wetu katika madogo, ili tuelewane nao katika makubwa. Wabillahi tawfiq.