Jaribu Edubuntu bila kugusa tasnifu yako

Ndugu zangu, wengi wetu hapa Joburg tuna laptop moja tu, na tasnifu imo humo humo. Ukiambiwa ujaribu mfumo mwingine unaogopa, na una haki.

Edubuntu ni ndugu yake Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, si mbali na hapa. (Ubuntu ni ule utu wetu.) Toleo hili la mashule lilianza 2005, likasimama miaka kadhaa, likarudi 2023. Zamani ilikuwa sidii. Hadi 2011 za Ubuntu ulitumiwa kwa posta bila senti. Siku hizi ni flashi, ila kuitengeneza kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo tafuta iliyo tupu.

Chomeka, washa, bonyeza F12 au F2 kutegemea mashine, uchague iwake kutoka kwenye flashi. Mfumo unafanya kazi kwenye memori, diski ya ndani haiguswi. Ukiulizwa kujaribu au kusakinisha, chagua kujaribu! Hapo ndipo watu hulia. Ukizima, ulichoandika kimepotea, labda ukihifadhi kwenye flashi nyingine.

Mna GCompris ya watoto, Kalzium ya kemia, KStars ya nyota. Ukienda likizo, iwashe kwenye kompyuta za shule yako ya zamani kabla mwalimu hajafuta chochote. Angalia sauti, intaneti, projekta. Zile kuukuu za biti 32 hazitawaka kabisa.