Kunyoosha Mtutu Uliopinda: Utambuzi na Urekebishaji katika Magobori ya Mifuo ya Pennsylvania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi mtutu uliopinda wa gobori la mifuo unavyotambuliwa na kunyooshwa kwa mbinu za mkono. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu ngumu ya kazi hii ni kusoma tundu la mtutu kabla ya kutumia nguvu yoyote. Fundi anayeharakia nyundo aweza kunyoosha kisichopinda, au kufuta kazi iliyofanywa kwa makusudi na mtengenezaji wa kwanza.

1.0 Istilahi na Mawanda

Silaha inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomoni huitwa gobori. Bunduki za namna hiyo zilipita kwa wingi Zanzibar kuelekea bara katika biashara ya misafara ya karne ya 19, na Kiswahili kina msamiati wake: mtutu au kasiba, mdeki wa kushindilia, kitako, gumegume kwa ile inayowashwa kwa jiwe, na fataki kwa ile iliyofuata. Hata hivyo, magobori mengi yaliyofika Afrika Mashariki yalikuwa na tundu laini. Makala haya yanahusu jamii nyingine: bunduki ndefu zilizoundwa Pennsylvania, Marekani, hasa katika eneo la Lancaster, na mafundi wa karne ya 18 ambao wengi wao walitoka katika jamii za wahamiaji waliozungumza Kijerumani. Ndani ya mitutu yake mlichongwa mifuo ya msokoto inayoizungusha risasi. Mitutu hiyo aghalabu ilizidi mita moja kwa urefu, na kwa nje ilikuwa na nyuso nane.

Namna mtutu ulivyoundwa ndiyo inayoeleza udhaifu wake. Mhunzi alichukua ubapa mrefu wa chuma cha kufuliwa, akaukunja kuzunguka fimbo ya chuma, kisha akaziunga kingo zake kwa moto na nyundo, kipande baada ya kipande. Baadaye tundu lilikerezwa, likanyooshwa, na mwisho likachongwa mifuo. Kwa hiyo kunyoosha kulikuwa hatua ya kawaida ya uundaji tangu mwanzo. Filamu ya mwaka 1969 kuhusu karakana ya bunduki ya Colonial Williamsburg, inayomwonyesha fundi Wallace Gusler akiunda bunduki nzima kwa mkono, inaonyesha vyema kiasi cha kazi kinachotangulia kitu ambacho mtazamaji hukiona kama bomba tu. Chuma hicho ni laini. Hupinda bila kuvunjika kikiangushwa au kikitumiwa kama mtaimbo, na ulaini huohuo ndio unaokiwezesha kunyooka.

2.0 Je, Mtutu Umepinda Kweli?

Kabla ya swali hilo kuna jingine: je, bunduki imejazwa? Gobori lililokaa darini miaka mia moja laweza kuwa bado na baruti na risasi ndani. Mdeki huingizwa hadi mwisho, huwekwa alama mdomoni, kisha huchomolewa na kulazwa nje kando ya mtutu. Ukiishia mbali na kitobo cha kuwashia, kuna kitu ndani. Hakuna hatua nyingine inayofuata hadi kitu hicho kiondolewe.

Baada ya hapo mtutu hutolewa katika mti wake kwa kung'oa pini na skrubu ya mkia. Hatua hii peke yake hutatua kesi kadhaa. Ubao mwembamba unaofika hadi mdomoni hujikunja kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Pini zikibana, ubao huuvuta mtutu pamoja nao. Mtutu ukirudi katika unyoofu wake mara tu unapoachiwa, mgonjwa ni ubao. Dawa yake ni kurefusha kidogo matundu ya pini katika vishikizo vya chini ya mtutu ili chuma kipate nafasi ya kuteleza.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye umbo la nje. Mitutu mingi ya Pennsylvania ni minene upande wa nyuma, hupungua katikati, kisha hunenepa tena kidogo kuelekea mdomoni. Ukilaza rula iliyonyooka juu ya uso wa mtutu kama huo, utaona mwanga katikati hata kama tundu limenyooka kabisa. Tena, tundu halikuwa lazima likae katikati ya chuma. Upande mmoja waweza kuwa mnene kuliko mwingine bila mtutu kuwa na kasoro ya unyoofu. Kinachoongoza risasi ni tundu, na ushahidi wa nje haukubaliki bila ule wa ndani.

Ili kuona ndani, kizibo cha nyuma hufunguliwa. Hii ndiyo hatua inayoharibu bunduki nyingi kuliko kupinda kwenyewe, kwa kuwa hesi za kizibo huwa zimeshikana kwa kutu na masizi. Mafuta yapenyayo na subira ya siku kadhaa ni bora kuliko spana ndefu. Likishakuwa wazi, tundu huchunguzwa kwa njia mbili za zamani.

Njia ya kwanza ni ya uzi. Uzi mwembamba hupitishwa ndani na kukazwa kwa uta wa mti, kisha huegemezwa kwenye ukuta wa tundu ili uguse ncha zote mbili. Ukuta ukiwa umebonyea, mwanga huonekana kati ya uzi na chuma; ukiwa umetuna, uzi huguswa katikati na kuachwa wazi kwenye ncha. Mtutu huzungushwa uso kwa uso hadi nyuso zote nane zisomwe, na mahali pa mwanga mpana huwekwa alama ya chaki upande wa nje.

Njia ya pili ni ya kivuli. Mtutu huelekezwa kwenye dirisha lenye upau wa mlalo, na kivuli cha upau huo huonekana ndani kama mstari. Tundu likinyooka, mstari hunyooka. Penye kombo, mstari huvunjika. Wanyooshaji wa viwanda vya bunduki vya karne ya 19 waliitegemea njia hii. Huhitaji tundu lililong'arishwa, kwa hiyo katika mtutu wenye mifuo na kutu uzi ndio shahidi wa kuaminika zaidi.

3.0 Urekebishaji

Kunyoosha hufanywa chuma kikiwa baridi. Moto huacha magamba ndani ya tundu, hula kingo za mifuo na waweza kulegeza vishikizo vilivyoungwa kwa risasi au shaba. Mtutu hulazwa juu ya vitalu viwili vya mti mgumu, upande uliotuna ukiwa juu, na nguvu huwekwa kati ya vitalu kwa nyundo ya mti au ya risasi, au kwa jeki ya skrubu. Umbali wa vitalu hufuata umbo la kombo: kombo refu la polepole huhitaji vitalu vilivyoachana, kombo fupi huhitaji vilivyokaribiana. Kosa la kawaida ni kupinga kombo fupi kwa vitalu vilivyoachana sana, na matokeo yake ni mtutu wenye umbo la herufi S, ambao ni mgumu kuponya kuliko ule wa kwanza.

Chuma hurudi nyuma kinapoachiwa. Ili kinyooke hakina budi kusukumwa kupita kidogo mstari wa unyoofu, na kiasi hicho hakijulikani ila kwa kujaribu. Ndiyo maana jeki ni salama kuliko nyundo: yaweza kuongezwa robo mzunguko, ikaachiwa, na uzi ukarudishwa ndani.

Kuna mitutu isiyopaswa kuguswa. Pete nyeusi ndani ya tundu huashiria kuvimba, aghalabu kwa sababu risasi ilifyatuliwa ikiwa haijafika kwenye baruti, uvimbe haunyooshwi. Kiungo cha mhunzi pia chaweza kuwa kimefunguka. Mtutu hupakwa mafuta mepesi, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga wa chaki. Mstari mweusi unaojitokeza ni ufa, na bunduki hiyo haifai tena kufyatuliwa.

4.0 Kombo la Makusudi

Athari ya kombo yaweza kukadiriwa. Mtutu wa sentimita 107 uliojikunja sawasawa kwa milimita 1 katikati huelekeza mdomo pembeni kwa takriban milimita 3.7 kwa kila mita, yaani karibu sentimita 19 kwenye shabaha ya mita 50. Kiasi hicho chaonekana kikubwa. Lakini ikiwa vilengeo vimeachana kwa sentimita 80, kusogeza kilengeo cha nyuma milimita 3 hukiondoa chote. Kombo dogo la namna hiyo hupeleka kila risasi upande uleule, na usahihi haupotei.

Mafundi walilijua jambo hili na wakalitumia kinyumenyume. Bunduki iliyopiga pembeni ingeweza kurekebishwa kwa kuukunja mtutu wenyewe kidogo, vilengeo vikabaki katikati. Kwa hiyo anayekuta kombo jepesi katika bunduki ya kale yampasa atazame vilengeo kwanza. Vikiwa katikati kamili, kombo ni la polepole, na ngozi ya chuma haina alama ya kuanguka wala kugongwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba alichokikuta ni marekebisho ya fundi. Kukinyoosha ni kuharibu usahihi na pia kufuta ushahidi wa pekee wa uamuzi wa mtu ambaye huenda hakuacha maandishi yoyote. Katika nakala ya kisasa ya chuma kisicho na kiungo hasara hiyo haipo, na fundi ana uhuru zaidi. Katika bunduki ya makumbusho, uso wenye kombo, umbali wake kutoka mdomoni na upana wa mwanga chini ya uzi huandikwa kabla ya vitalu kupangwa, na mara nyingi kazi huishia kwenye kuandika huko.