Simu ya Boda Inasikilizwa Mguu Ukiwa Chini

Ukitoka Mwanza kwenda Musoma lazima upite Lamadi. Hapo ndipo barabara ya Bariadi inapochepuka, na mbele kidogo kuna geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti. Likizo iliyopita niliendesha boda ya kaka yangu hapo njia panda, natafuta hela ya chumba. Kijiweni nilijifunza jambo ambalo sikulipata darasani: namna ya kuwasiliana na dereva mwenzako, wote mkiwa juu ya pikipiki, na mkafika salama.

Tuanze na kosa ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Nilidhani Bluetooth inatosha kuunganisha simu ya boda wa mbele na ya boda wa nyuma. Wapi! Bluetooth ya simu kwa kawaida inafika kama mita 10 hivi; kazi yake kubwa ni kuiunganisha simu yako na hedifoni zako mwenyewe. Vipo vifaa vya kufunga kwenye helmeti vinavyoongea vyenyewe kwa vyenyewe, kama vya Cardo na Sena, ila kwa kipato cha kijiweni hata bei huulizi. Kwa hiyo sauti yako itapita kwenye mnara wa simu, hata kama mwenzako yuko mita 50 mbele yako.

Njia zilizobaki ni tatu. Ya kwanza ni kupiga simu ya kawaida na kuunganisha watu kadhaa. Inakula dakika, lakini haitaki intaneti. Ya pili ni programu za kubonyeza na kuongea, mfano Zello, ambazo zinafanya simu iwe kama redio ya upepo. Mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipopiga Texas, Marekani, waokoaji wa kujitolea waliitumia sana. Tatizo, intaneti ikikata, umebaki peke yako. Ya tatu ni voisi za WhatsApp kwenye grupu. Hizi hazidai wote muwe hewani kwa wakati mmoja. Ujumbe unasubiri mpaka mtandao urudi. Kijiweni kwetu voisi ndiyo iliyoshinda.

Lakini voisi hiyohiyo nusura initoe roho. Nilikuwa kwenye kilomita 60 kwa saa, simu ikalia, nikaitoa mfukoni kuangalia nani katuma. Piga hesabu: mwendo huo ni karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde 3 za kutazama kioo ni mita 50 umeendesha kama kipofu. Nilipoinua macho, ng'ombe walikuwa wanavuka. Nikaishia mtaroni, kiwiko kimechubuka, indiketa imevunjika. Voisi yenyewe ilikuwa ya mtu anauliza nani ana spana namba 14.

Kaka hakufoka. Aliizunguka pikipiki, akanitazama, akasema, "Dogo, simu ya boda inasikilizwa mguu ukiwa chini."

Hiyo ndiyo sheria ya kijiwe, na zilizobaki zinatokana nayo. Simu inakaa mfukoni. Ikilia, unapunguza mwendo, unatoka barabarani, unasimama, ndipo unasikiliza. Hedifoni masikio yote mawili ni marufuku, maana honi ya basi hutaisikia. Kuongea huku unakimbia pia ni kupoteza bando tu: mwenzako atasikia upepo mtupu.

Usiku kuna nyongeza. Ukipata abiria wa mbali, kabla hujawasha unatuma voisi fupi: unaenda wapi, unapita njia gani. Ukifika unatuma neno moja, "Nimefika." Siku moja mwenzetu mmoja aliyeelekea upande wa Bariadi hakulituma. Tukampigia, hapatikani. Madereva wawili wakafuata njia ileile aliyoitaja. Wakamkuta kando ya barabara, mguu umevunjika, simu imezima chaji. Kilichomwokoa ni ile voisi ya mwanzo, na watu waliokuwa wanasubiri ya pili.

Nawaandikia hili kwa sababu hapa chuoni nasi tunatoka na boda tatu, nne, tukienda misibani na kwenye sherehe, na grupu tunazo tayari. Kabla ya safari ijayo, kubalianeni tu nani anasubiri "Nimefika" ya nani.