Miche Ipitayo Bandarini na Sababu ya Kukaguliwa



Wakati huu ambapo wengi wetu tunapanda upya mahali pa mikarafuu iliyozeeka, swali moja linasikika sana barazani: kwa nini Serikali inaizuia miche bandarini? Mtu amenunua kwa fedha zake, amelipa nauli ya chombo, kisha mkaguzi anaishika, anaitazama jani kwa jani, na pengine anaamuru ichomwe moto. Wako wasemao kuwa hii ni taabu tupu kwa mkulima. Maneno hayo si ya kupuuzwa, wala si ya kukubaliwa yote. Yafaa tuyapime.

Kwanza tukumbuke mche ni kitu gani. Karafuu kavu iliyotiwa guniani ni kitu kilichokwisha kufa. Mche u hai, na chochote kilichomo ndani yake ki hai pia. Chini ya jani hukaa mayai ya wadudu, katika gome hujificha ukungu, na katika udongo wa kifuko huwamo vijidudu vya mizizi ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki, kwani hupoteza uhai wake upesi, na ndiyo sababu watu hupenda kusafirisha miche pamoja na udongo wake. Basi anayeleta miche mia ameleta na vifuko mia vya udongo wa kwa watu.

Nchi kubwa zimejifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1910 ilifika Washington miti 2,000 ya maua ya cheri iliyopelekwa na mji wa Tokyo, iwe zawadi ya urafiki. Wakaguzi wa kilimo wa Marekani walipoifungua waliona wadudu na minyoo ya mizizi. Hebu tufikiri jinsi ilivyokuwa vigumu: zawadi ya taifa rafiki, nayo imevuka bahari kuu! Hata hivyo Rais Taft alikubali ichomwe moto, na mwezi wa Januari mwaka huo huo ikachomwa. Wajapani hawakukasirika. Walitayarisha miti mingine kwa uangalifu mkubwa zaidi, na mwaka 1912 ikafika 3,020, mizima, ikapandwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Marekani ikatunga sheria ya karantini ya mimea.

Sheria hiyo haikutungwa kwa sababu ya cheri peke yake. Mwaka 1904 mjini New York yalionekana maradhi ya ukungu katika michesnati, miti mikubwa ya misituni iliyokuwa ikiwapa watu mbao na chakula. Ukungu huo ulitoka Asia, nao uliingia kabla ya kuwapo sheria ya kuuzuia. Katika muda wa miaka hamsini hivi miti iliyokufa ilihesabiwa kwa mabilioni. Mlango ulifungwa mgeni amekwisha kuingia. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa namna hii akija, mwenyeji hufa.

Sasa tutazame mti wetu wenyewe. Mkarafuu si mwenyeji wa visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Wazee wetu hapa wameyajua maradhi ya kifo cha ghafla, ambayo huupiga mti mkubwa wenye kuzaa, ukanyauka kwa siku chache tu. Wataalamu waliofanya kazi Unguja baada ya vita vya pili vya dunia waligundua kuwa ni ukungu. Hayo tunayo tayari, na yametutosha.

Lakini yako mengine ambayo hatuyataki. Huko Indonesia yako maradhi yaitwayo ya Sumatra, yaletwayo na bakteria ambao huziba mishipa ya maji ya mti. Majani ya kileleni hugeuka manjano na kupukutika, matawi hukauka kutoka juu kwenda chini, na mti hufa baada ya miezi au miaka michache. Wadudu wafyonzao maji ya mti ndio wayaenezao kutoka mti hadi mti.

Kadhalika iko kutu ya manjano ishambuliayo ukoo mzima wa mkarafuu, pamoja na mpera na mkaratusi. Kutu hii asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilipoonekana Australia, mwezi wa Aprili 2010, Serikali ya huko ilifanya bidii kuing'oa. Kabla ya mwaka kwisha ikakiri kuwa haiwezekani tena. Na Australia ni nchi yenye wakaguzi wengi na fedha nyingi. Je, sisi kisiwani tungefanyaje?

Kwa ajili hiyo mataifa yalipatana mwaka 1951, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuweka utaratibu mmoja, na Tanzania ni mmoja wa wanachama wake. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake ya kulinda mimea mwaka 1997. Utaratibu wenyewe si mgumu kuufahamu. Anayetaka kuleta miche huomba kibali kabla ya kununua. Nchi inayouza huikagua na kutoa cheti cha afya ya mimea. Ikifika bandarini hukaguliwa tena. Ikionekana na ila, hutiwa dawa, au huwekwa mbali na mimea mingine mpaka ijulikane hali yake, au hurudishwa, au huteketezwa.

Hata hivyo, tusidhani kuwa cheti ni hirizi. Mkaguzi hutazama baadhi tu ya miche, nayo maradhi yaliyojificha ndani ya mti hayaonekani siku ile. Kwa hiyo, tangu mwaka 2012 kanuni za mataifa kuhusu mimea ya kupanda zinasisitiza kuwa ulinzi uanzie katika kitalu chenyewe: mti mama uwe mzima, udongo uwe safi, na kitalu kitembelewe mara kwa mara. Bandari iwe mlango wa mwisho, si wa kwanza.

Hapa ndipo malalamiko ya wanachama yanapopata haki yake. Mche hauwezi kungoja kama gunia la mchele; ukikaa juani siku tatu bila maji umekufa, na mwenyewe hajui ameuliwa na maradhi au na kungoja. Mkulima aliyechomewa miche bila kuelezwa sababu, safari ijayo hatakwenda bandarini. Atateremsha mzigo wake usiku penye mikoko, na hapo sote tumepotea. Kwa maoni yangu chama kinapaswa kuiomba Serikali mambo matatu: ukaguzi ufanywe siku ile ile mzigo ufikapo, anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, na mabwana shamba wakague vitalu vya humu visiwani kabla ya msimu wa kupanda, ili asiwepo mwenye haja ya kuagiza mbali. Haya nitayaweka mbele ya mkutano mkuu, na kila tawi lije na rai yake.

Kwa upande wetu, nasi tuna wajibu. Usinunue mche wa mtu usiyekijua kitalu chake. Usilete mche wala udongo kutoka ng'ambo, hata ukiwa mmoja umefichwa ndani ya kikapu, kabla ya kumwuliza bwana shamba. Miche mipya iweke mbali na shamba kwa muda, uiangalie. Na ukiona mti unakauka kwa namna usiyoizoea, usiukate ukauza kuni; toa habari kwanza.

Mkarafuu hungojewa miaka sita hata minane kabla ya kuchumwa, na aupandaye mara nyingi huwapandia wajukuu. Mtu aliye tayari kungoja miaka hiyo hashindwi kungoja saa mbili bandarini, maadamu saa hizo ni mbili kweli.

Wassalaam.

Katibu wa Chama