Kasha la Njumu Lisomwe kwa Nyuma

Anayetafuta kasha la njumu katika maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu huonyeshwa kwanza uso wake: safu za misumari ya shaba, mabamba yaliyokatwa kwa nakshi, mbao iliyoiva weusi. Kisha hutajiwa umri. Uso huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo fundi wa leo anaimudu vizuri zaidi. Ufundi wa njumu haujafa. Makasha mapya mazuri yangali yanatengenezwa, na yanastahili bei yake kama makasha mapya. Lakini weusi wa mbao hupatikana kwa rangi ya kupaka, na shaba ikipakwa chumvi na siki huchakaa kwa muda mfupi. Hata asili ya makasha imezungukwa na dhana zisizochunguzwa. Mengi ya yale yaliyokuja kuitwa makasha ya Kiarabu yalitengenezwa Bara Hindi, yakavuka bahari kwa majahazi ya kaskazi, kama alivyoeleza Sheila Unwin katika kitabu chake kuhusu makasha hayo. Basi hadithi ya muuzaji na uzuri wa nakshi tuviweke kando kwanza, tuulize jambo moja: kasha hili limechakaa wapi, na uchakavu huo unapatana na kazi liliyoifanya?

Kasha la kweli lilifunguliwa na kufungwa maelfu ya mara. Ukingo wa mfuniko utakuwa umelainika pale mikono iliposhika, si kila mahali kwa kiasi kimoja. Komeo lililokuwa likining’inia litakuwa limechora alama ya upinde kwenye ubao wa mbele. Visanduku vya chini vikitolewa, reli zake zitaonekana zimelika kwa msuguano, na mbao za ndani, ambazo hazikupakwa kitu, zitakuwa zimefifia kwa namna isiyolingana. Ubao wa nyuma ulielekea ukutani, kwa hiyo seremala wa zamani hakuona haja ya kuupiga randa sana, na hapo ndipo msumeno wake unaposomeka. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyo sawasawa. Msumeno wa duara wa mashine huacha mapinde yanayofuatana. Mbao nayo hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, na ubao mpana uliobanwa kwa misumari miaka mingi mara nyingi hupasuka kufuata nyuzi zake.

Vyuma husema waziwazi zaidi. Parafujo yenye ncha kali ilienea baada ya katikati ya karne ya 19, na ile yenye msalaba kichwani ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Msumari wa waya, mviringo na laini, ulizagaa mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake misumari mingi ilikuwa ya pembe nne. Sumaku ndogo nayo inafaa sana: shaba haivutwi, ila chuma kilichopakwa rangi ya shaba hunaswa papo hapo.

Kuna pingamizi zito. Fundi mjanja anaweza kununua mbao za nyumba iliyobomolewa na misumari ya zamani, akaunda kasha ambalo kila kipande chake ni cha kale. Ni kweli, na hutokea katika biashara ya samani za kale popote duniani. Ila mbao iliyotumika mara ya pili hubeba maisha yake ya kwanza. Vidudu wanaobungua mti hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Ukiona usoni handaki lao limelala wazi kama mfereji, ujue ubao ulipasuliwa baada ya kubunguliwa. Matundu yaliyozibwa bila sababu husema vivyo hivyo.

Wengine hutegemea maabara. Kipimo cha kaboni-14 hueleza mti uliishi lini, hakielezi kasha liliundwa lini, na kwa miti iliyokua kati ya takriban 1650 na 1950 majibu huwa mapana mno kutenganisha kasha la 1780 na la 1880. Lakini majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni ya aina hiyo hewani, hivyo mti uliokua baadaye hujulikana. Maabara basi huumbua uongo mpya vizuri kuliko inavyothibitisha ukale.

Linabaki suala la matengenezo, na hapa wanunuzi wengi hukosea kwa kudai ukamilifu. Miguu ya kasha huoza kwa sakafu zenye unyevu. Kamba zilizosukwa katika kiti cha enzi cha Lamu haziwezi kuishi muda wa fremu yake ya mpingo. Kitu cha karne ya 19 kisichowahi kuguswa na fundi ndicho kinachohitaji kushukiwa. Mguu uliobadilishwa haufanyi kasha kuwa bandia. Bandia ni kasha linalouzwa kwa umri lisilokuwa nao. Muuzaji anayekubali kulipindua kasha, akatoa visanduku vyote na kuonyesha mwenyewe kipi kimewekwa upya, na lini, anampa mnunuzi kitu cha kupima, na bei wataizungumza baada ya hapo.