Kuandikisha na Kujiandikisha

Juma hili nataka tulitazame neno kuandikisha, ambalo husikika kila penye shule, chama au uchaguzi.

Mzizi wake ni andika. Tukiongeza -isha tunapata andikisha, yaani kufanya jina liandikwe. Mzazi humwandikisha mtoto darasa la kwanza. Mtoto hakuulizwa, wala hapana ubaya. Mtu mzima, lakini, hujiandikisha. Ile -ji- yatuambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyetaka jina lake liingie kitabuni.

Kwa hiyo katibu wa chama akijigamba kwamba ameandikisha wanachama 200, naona tuna haki ya kumuuliza: Je, wao wenyewe walijiandikisha? Silabi hiyo moja si pambo. Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote.

Liko pia neno kusajili, lenye asili ya Kiarabu. Wengi huyatumia yote mawili kwa maana moja: wapiga kura Kenya husajiliwa, Tanzania huandikishwa. Hata hivyo, kusajili kuna uzito wa kisheria. Chama kikisajiliwa ndipo kinatambuliwa na serikali. Ndiyo maana sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992 ilituletea Msajili wa Vyama vya Siasa, si Mwandikishaji.

Basi chama husajiliwa, mwanachama hujiandikisha. Nawe ukiambiwa umekwisha andikishwa, uliza: na nani?