Okidi Zinazoliwa na Sababu ya Kupungua Kwake

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone, uko uwanda wa majani uitwao Kitulo. Mvua zinyeshapo maua ya kila rangi huchanua huko, hata watu wakauita Bustani ya Mungu. Miongoni mwake zimo aina zipatazo 45 za okidi, ua ambalo wengi hudhani kazi yake ni kupendeza macho tu. Lakini chini ya udongo okidi hizo zina viazi vidogo, na viazi hivyo ndivyo vilivyozileta mashakani.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, viazi hivyo hutwangwa vikawa unga, ukachanganywa na karanga zilizotwangwa, magadi na pilipili, kisha ukapikwa mpaka ukashikamana. Chakula hicho huitwa chikanda, nacho hukatwa vipande kama nyama. Zamani kilikuwa chakula cha watu wa vijijini. Baadaye watu wa mijini wakakipenda, na okidi za Zambia zikaanza kuadimika. Ndipo wachuuzi walipoanza kuzitafuta Tanzania. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikipelekwa Zambia kila mwaka kutoka Tanzania. Mwaka 2005 Kitulo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na kuchimba humo kukakatazwa.

Huenda msomaji akauliza: mbona muhogo huchimbwa kila mwaka wala hauishi? Mwenye shamba la muhogo, akiisha kuchimba, huchomeka kijiti cha mti uleule, akapata mwingine. Okidi haina kijiti cha kupanda. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, tena hazina akiba ya chakula ndani yake. Mbegu haiwezi kumea porini isipokutana na kuvu fulani wa udongoni awezaye kuilisha, na mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Kwa kawaida mmea mkubwa huwa na viazi viwili: cha zamani, kilicholisha shina la mwaka huu na sasa kinanyauka, na kipya kilicho kigumu, ambacho ni akiba ya mwaka ujao. Mnunuzi hutaka kile kigumu. Basi kila kiazi kiuzwacho ni mmea mmoja usiorudi, na mara nyingi hung'olewa kabla haujamwaga mbegu.

Sheria haikosekani. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1973, uitwao CITES, wataka kibali kwa okidi yoyote ya porini ivukishwayo mpaka. Lakini askari wa forodha afunguapo gunia huona viazi tu, bila jani wala ua, na hata mtaalamu hutatizika kusema ni vya aina gani, iliyo nyingi au iliyokaribia kwisha. Wala si haki kumlaumu mchimbaji peke yake, kwa maana wengi wao ni maskini, wamo wajane na yatima, na fedha hizo huwanunulia chumvi na sabuni.

Wataalamu wanajaribu kuotesha mbegu za okidi pamoja na kuvu wake, ili siku moja viazi vitoke shambani. Kazi hiyo ni ya polepole, na chikanda huuzwa sokoni kila siku.